Kamba za Viatu vya Sajini

Kitu cha kwanza Zoryana alichokiona kwa yule sajini ni kamba za viatu: moja nyeusi, nyingine ya bluu, ya mtoto wa shule. Mtu anayetegua mabomu ya ardhini, aliwaza, angalau angefunga kamba zinazofanana. Lakini Zoryana hakuwa msemaji.

Sajini Levko na wanajeshi wake watatu walikuwa wamelisafisha shamba la viazi la mama yake Zoryana, wakang'oa vijiti vyote vyekundu vya kuonya hatari, wakatangaza kwamba liko salama. Kesho yake wangerudi mstari wa mbele, kuvifungulia vifaru njia.

Mama yake, Bi Paraska, alisimama ukingoni na ndoo ya mbegu. Hakutia mguu.

"Zamani wahandisi wa jeshi wakimaliza shamba, walishikana mikono wakalipita wenyewe," alisema. "Msipopita, sipandi. Nisipopanda, theluji ikija tutakula vijiti vyenu."

"Mama, siku hizi tuna mashine," sajini alisema.

"Basi mashine ipite mbele, na wewe nyuma yake."

Sajini akainama kukaza kamba. Akachukua muda.

"Unaogopa, mwanangu?"

"Nafunga viatu, mama."

"Hivyo vya rangi mbili?"

"Bomu haliangalii rangi."

Wanajeshi wakashikana mikono. Mkono wa kulia wa sajini ukabaki mtupu. Mwenzao wa tano alikuwa hospitali. Kisigino chake kilibaki kwenye shamba la jirani.

"Hapo pana pengo," alisema Bi Paraska.

Zoryana akaenda akaushika ule mkono.

"Binti, wewe hujala kiapo," sajini alisema.

Zoryana hakumwachia. Wakaanza kutembea, polepole. Katikati ya shamba, Zoryana akakanyaga kitu kigumu. Wote wakasimama. Sajini akapiga magoti, akafukua kwa vidole.

"Jiwe," alisema. "Hilo si la idara yetu."

Wakafika ng'ambo, wakageuka, wakapita tena na tena mpaka shamba likaisha. Bi Paraska akaingia na ndoo yake, akilalamika kwamba wamemkanyagia udongo.

Asubuhi lori likawashwa. Zoryana akampa sajini kupitia dirisha kamba mbili nyeusi, alizozinunua tangu wiki ya kwanza walipofika na kuzificha mfukoni.

"Ahsante. Husemi kitu hata leo?"

Lori likaanza kuondoka.

"Urudi na miguu yote miwili," Zoryana alisema.