Kishikio Alichokikaza Gelle

Mume wangu Gelle alikuwa mhunzi, na katika Garissa ya wakati ule mhunzi alikuwa mtu wa kunyooshewa kidole. Sisi ni Tumal, ukoo wa wafua chuma. Watu walituletea mashoka na visu vyao tuwatengenezee, lakini hakuna aliyekubali kumwoza mtoto wake kwetu, wala kunywa chai chini ya paa letu. Nilizoea. Sikupenda, ila nilizoea.

Mwaka 1966, vita vya shifta, waasi waliotaka kujitenga na Kenya, vikiwa vimepamba moto, Sugow aliingia kwetu kwa mlango wa nyuma. Huyu ni mtu ambaye hata salamu alikuwa akitupa huku anatazama pembeni. Sasa alikuwa mpiganaji wa msituni. Alikunjua mkeka akatoa bunduki moja na darubini moja ya kulengea, vyote vya kuporwa kwa jeshi, ila havikuporwa pamoja. Darubini ilikuwa na kishikio cha kukaa juu ya bunduki, kama tandiko mgongoni mwa ngamia. Bunduki yenyewe ilitaka kishikio cha ubavuni, cha kukazwa kwa skrubu mbili upande wa kushoto. Havikuoana hata kidogo.

"Tengeneza kishikio kingine," Sugow alisema. "Kuna kapteni ninamtaka. Ukikataa, nyumba hii itawaka na nyinyi mkiwa ndani."

Gelle alifua chuma, akapiga tupa, akatoboa, akakaza. Kazi ilipokwisha hawakuijaribu kwa risasi, maana mlio ungewaita askari. Gelle alichomoa komeo la bunduki, akachungulia ndani ya mtutu mpaka akauona mti wa mbali, kisha akaielekeza darubini upande huo. Sugow alimwamini, akaondoka nayo.

Asubuhi iliyofuata Gelle alikunywa chai kwa raha ambayo sikuielewa. Nikamuuliza ana nini.

"Batula, nimeikaza darubini ikiwa imepinda," akasema. "Risasi yake itakwenda hatua moja kulia, iingie mchangani. Sitaki damu ya mtu mkononi mwangu, hata ya askari."

"Atampigia wapi huyo kapteni?"

"Langoni kwa kambi ya jeshi, leo, akitoka kukagua maziwa. Sugow amejificha kwenye miti ya mikoma kando ya mto."

Gelle hakuwahi kufika lango lile, kwa sababu wanaume wetu walifukuzwa kwa vitako vya bunduki. Waliokwenda ni wanawake wa maziwa. Mimi mwenyewe niliuza pale mpaka goti likanishinda, binti yetu Amino akashika nafasi yangu. Kapteni husimama penye nguzo. Ukiwa upande wa mto, kulia kwa nguzo ile ndipo wenye maziwa wanapojipanga.

"Amino yuko hapo," nikamwambia. "Ameshakwenda."

Gelle alikimbilia mikomani na bisibisi mkononi. Mimi niliburura goti langu kuelekea kambini, na njia nzima nilimlaani kwa wema wake.

Nilipofika karibu na kizuizi, askari alinizuia. Nilimwona Amino kwenye mstari, amekumbatia chombo chake cha maziwa. Kapteni alitoka, akasimama penye nguzo. Alikuwa kijana, na hakuwa mbaya kwetu. Nasema wazi: nilimwomba Mungu risasi impate yeye.

Ikampata. Alianguka palepale, na wanawake wakatupa vyombo wakakimbia. Amino alinijia akiwa mzima, nguo imelowa maziwa.

Gelle alirudi akitembea kama mgonjwa. Alikuwa amemwambia Sugow kwamba amesahau kukaza skrubu moja, akachomoa tena komeo, akachungulia mtutu, na safari hii akainyoosha darubini sawasawa. "Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu kama ule," aliniambia. Kisha akaenda uani akanawa mikono, akanawa tena.

Askari walimpiga risasi Sugow akivuka mto. Bunduki waliipeleka sokoni, wakatukusanya sote juani, wakasema hakuna atakayeondoka mpaka fundi aliyetengeneza kishikio kile ajulikane. Sajini alikishika kishikio akakitikisa kwa nguvu zote. Hakikucheza.

Salat, mfanyabiashara wa ng'ombe, ndiye aliyesimama kwanza. "Hii kazi ni ya Gelle, wallahi," akasema. "Mtu ingine hapana weza."

"Kweli, bwana," akadakia Nurto, jirani yangu. "Angalia vile imekaa. Gelle tu, huyu mkono yake iko safi sana."

Tangu niolewe sikuwahi kumsikia mtu wa mji ule akiisifu kazi ya mume wangu. Siku ile waliisifu mmoja baada ya mwingine, na waliendelea kuisifu hata alipokwisha kufungwa kamba na kupakiwa kwenye lori. Amino alikuwa amenishika mkono.