Valizi Nyuma ya Maman Constance

Kitu cha kwanza alichoona Tatiana kwenye simu ya video ni valizi, sanduku la safari. Ilisimama nyuma ya mama yake, imefungwa, na koti limewekwa juu yake.

Maman Constance alikuwa amekwenda Ubelgiji kumtembelea mwanawe Didier kwa viza ya mgeni, na kesho viza ilikuwa inaisha. Huku Bukavu, jamaa waliizunguka simu nyumbani kwa Tonton Pascal, mdogo wa Maman Constance, wakimwambia abaki.

"Yaya, dada yangu, huku unarudia nini? Mishumaa, umeme ukikatika?" Tonton alitania. "Jifiche tu kwa Didier. Nani atafukuza maman muzee?"

"Nikipitisha siku, nitakuwa mutu wa kujificha," mama alisema. "Na nikitoka baadaye, hawatanipa viza tena."

"Basi usitoke!"

Wote walicheka isipokuwa Tatiana. Mimba yake ilikuwa imekomaa, mume wake alikuwa hajaonekana tangu vita vilipoanza, na mama alikuwa ameahidi kumshika mgongo siku ya uchungu. Mimba ya kwanza alizaa peke yake, na mtoto hakulia.

"Na Tatiana anasema nini?" mama aliuliza.

Tonton akampa simu. Kila mara Tatiana alikuwa akijibu, "Kaa, maman, mimi niko muzuri." Mama alikuwa akingoja, mkono mmoja umeshika valizi. Tatiana aliisogeza simu karibu.

"Rudi, maman. Naogopa kuzaa bila wewe."