Tundu la Bendera

Gaudiose hakuweza kukaa nyumba moja na kitu kilichochanika. Siku za kazi alifua mashuka hotelini, hapo Fort Worth, na Jumamosi akajitolea kufua vitambaa vya meza vya ukumbi wa parokia. Mwezi wa kumi, Whitney, msimamizi wa ukumbi, alimpa furushi ambalo ndani yake, kwa bahati mbaya, ilikuwamo bendera kuukuu ya rangi nyekundu, nyeupe na kijani. Katikati ilikuwa na tundu la kutosha kupitisha kichwa.

"Panya wa nchi gani hawa," Gaudiose alijisemea.

Akatafuta satini nyeupe, akaliziba kwa mshono usioonekana, kisha akatarizi ua juu yake.

Jumapili Wahungari, wenye bendera ile, walikusanyika ukumbini kwa kumbukumbu yao ya kila mwaka, wengine wametoka Plano na Houston. Bwana Zoltan, mzee wao, akaikunjua bendera mbele ya watu.

"Nani ameziba?" aliuliza.

Gaudiose, aliyekuwa akipanga sahani, akainua mkono kwa fahari. "Ni mimi, baba. Usijali, ni kazi ndogo."

Mzee akakaa kitini. Akamweleza polepole kwamba mwaka 1956, kule Budapest, watu walipoinuka dhidi ya serikali iliyotii Moscow, walikata nembo yake katikati ya bendera. Hii aliikata yeye na kaka yake, juu ya meza ya jikoni. Vifaru vya Warusi vilipoingia, alivuka mpaka akiwa ameivaa ndani ya shati.

"Tundu ndiyo bendera yenyewe, mama."

Gaudiose aliona aibu hadi masikio yakawaka. "Nisamehe, baba. Kwetu Burundi mwaka 1966 waliondoa ngoma ya mfalme kwenye bendera, lakini wakaweka kitu kingine. Sikujua kuna watu wanaliacha tundu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Gaudiose akaomba mkasi, akaanza kufumua. Mshono wake ulikuwa imara mno. Wahungari waliimba wimbo wa taifa, wakaurudia, na bado alikuwa akivuta nyuzi. Bibi mmoja wa Houston akashauri ua liachwe, ni zuri. Wenzake wakambishia kwa Kihungari mpaka tundu likafunguka lote.

Wakamkalisha meza ya mbele, wakampa mchuzi mwekundu wa nyama, wakimwonya kwamba ni mkali. Gaudiose akala, akawashukuru, kisha akauliza kwa adabu pilipili iko wapi.