Abiria wa Ushirombo

Sisi watu wa Ushirombo safari hatuitangazi. Mtu huaga mlangoni, tena kwa kunong'ona, maana walimwengu wana masikio na njia ina mengi. Ukimuuliza jirani anakwenda wapi, atakujibu, "Hapo tu." Huyo ujue anakwenda Mwanza.

Basi mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kwenye kijiji cha ujamaa, akaja Bwana Selestine, mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Serikali inafikiria kuleta treni ya abiria kutoka Isaka mpaka kwetu, alisema, lakini fedha za umma hazitupwi porini; lazima ijulikane kama ina wa kuipanda. Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza nani angesafiri na angekwenda wapi.

Hakuna aliyeitamani treni ile kama jirani yangu, Mama Epifania. Mwanawe aliolewa Morogoro, akazaa huko, na masika lori likikwama kabla ya Kahama, ndiyo basi tena. Jioni alikuwa akiniuliza mjukuu anafanana na nani, utadhani mimi nimemwona. Nilimhurumia mpaka nikachoka.

Bwana Selestine alitukuta kwa Mama Epifania tukipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Treni ikija, utasafiri?"

Mikono yake ikasimama. Niliona neno likimpanda kooni, akalimeza. Amwambie mgeni, mchana kweupe, majirani wakisikia?

"Mimi? Niende wapi, na uzee huu?"

Nyumba zote zilijibu hivyohivyo. Hata Makoye, anayepeleka ng'ombe Shinyanga kila mwaka, alisema mto wa hapo kijijini hajauvuka. Mwongo mkubwa!

Mwaka uliofuata Ignas, mwenyekiti wetu, alitukusanya akatueleza jibu: fedha zimepelekwa kwingine, kwa kuwa watu wa Ushirombo hawasafiri. Wengine walicheka.

Mama Epifania akasimama. Alikuwa hajapata kusema mkutanoni hata siku moja.

"Mwenyekiti, mimi nakwenda Morogoro! Kwa Epifania. Nina mjukuu huko, nataka nimbebe kabla hajawa mzito."

Sauti ilifika barabarani. Ignas akamjibu taratibu kwamba mtaalamu alishaondoka, mama, na shauri limekwisha.

"Basi mwambieni," akasema Mama Epifania, na hakukaa.