Kabati Kuu la Ghorofa ya Pili

Mimi sina cheti hata kimoja, nasema mapema msije mkaniuliza. Nina miaka kumi na minne ya kuvuta kebo juu ya dari, kula vumbi na kubana plagi kwenye ncha za kebo mpaka vidole vikaota sugu. Kampuni yetu inasambaza dawa, ina ghorofa nne na kompyuta mia moja na ushee, na hakuna waya mle ndani ambao haukupita mikononi mwangu. Kwa hiyo meneja aliponiita akaniambia kwamba kuanzia mwaka ujao mkuu wa kitengo cha mtandao lazima awe na vyeti, nilicheka. Yeye hakucheka.

Na mwenye vyeti alikuwa nani? Mpwa wangu, binti wa dada yangu, na aliyemleta pale ni mimi mwenyewe. Dada alinibembeleza miezi sita. Mtoto ana vyeti vitatu vya mtandao, kila anakoomba kazi anaulizwa uzoefu, sasa huo uzoefu atauokota wapi kama hakuna anayempa nafasi? Nikampigia debe, akapewa miezi mitatu ya majaribio. Akifaulu, mkataba wa kudumu. Akishindwa, arudi kwa mama yake akae na makaratasi yake. Mimi nilidhani naleta mtu wa kunishikia ngazi, kumbe nimejipalia makaa.

Siku ya kwanza tu nilimbatiza jina: Profesa. Ofisi nzima ikalidaka. Profesa, sogeza ngazi. Profesa, hebu tuambie, kitabu kinasemaje panya akitafuna kebo? Alikuwa anacheka pamoja nasi, maskini, na kila asubuhi shikamoo yangu naipata mbele za watu. Mwezi wa kwanza alibana plagi kama mia mbili, nikazikata karibu zote huku anatazama. Nyingi hazikuwa na kosa. Nilimwambia hivyo ndivyo mafundi wanavyofundishwa. Uongo mtupu, aliyenifundisha mimi hakuwahi kunikatia plagi nzima hata siku moja.

Lakini alijifunza, na hilo ndilo lililoniuma. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa anabana plagi safi kama zangu, tena anajua kwa nini kitu kimeharibika, wakati mimi najua tu kukitengeneza. Siku moja mtandao ulikuwa mzito, meneja akaja kuuliza sababu. Macho yake yakanipita kama vile mimi ni kiti, yakatua kwa binti. Wivu ulinishika pale pale, sifichi. Nikasema moyoni, haya, tutaona.

Zilibaki siku mbili majaribio yaishe. Alhamisi saa tatu na nusu, watu wakiwa wamekwenda kunywa chai, nilipanda ghorofa ya pili kwenye kabati kuu. Ni kabati la chuma lenye mlango wa kioo, ndani kuna swichi, kisanduku cha matundu ya kebo ambacho mtandao wote wa jengo unapitia. Ufunguo ni mmoja tu, ninao mimi. Nikachukua kebo fupi, ncha moja nikaichomeka kwenye swichi, na ncha ya pili nikaichomeka kwenye swichi hiyo hiyo. Kila fundi amewahi kulifanya kosa hilo siku aliyochoka. Ujumbe unatoka tundu hili unarudia tundu lile, unazunguka na kuzaliana mpaka mtandao wote unakabwa koo. Swichi za kisasa zina kinga, ile yetu ni kuukuu. Nikafunga mlango, nikatia ufunguo mfukoni.

Nilijiambia sitaki afukuzwe. Ahangaike kidogo tu, halafu niingie mimi, meneja aone mwenyewe tofauti ya mkono na karatasi.

Kabla ya saa nne kila kitu kilikuwa kimekufa. Kaunta zimejaa wateja, madereva wamekaa kwenye magari matupu, makarani wanagonga meza. Nilianza kunyanyuka kwa madaha, meneja akanizuia. Akasema huu ndio mtihani wa binti, apewe saa nzima, mtu asimsaidie.

Baada ya dakika kumi alinijia, akaniomba ufunguo wa kabati kuu kwa sauti ya chini. Nikamwambia atafute kwanza kwa akili, asikimbilie funguo. Akaenda, akarudi. Nikajifanya sikumbuki nimeuweka wapi, nikapapasa mifuko yote isipokuwa ule wenye ufunguo. Mara ya tatu nilimuuliza kwa sauti kubwa, watu wasikie, je, katika vyeti vyote vile hakuna hata kimoja kinachofungua mlango? Makarani wakaangua kicheko. Yeye akaenda kusimama mbele ya kile kioo cha kabati, mikono ameifumbata, asiguse chochote. Nikafurahi. Nikasema amekwisha, kitabu kimefika ukurasa wa mwisho.

Saa ilipotimia meneja akamuuliza mbele ya wote tatizo ni nini. Akanigeukia mimi, kisha akamtazama meneja.

"Sijajua bado, bosi," alisema.

Basi nikauona ufunguo wangu. Nikafungua kabati, nikajifanya kukagua kagua, nikachomoa ile kebo, na kabla ya dakika mbili kaunta zote zikafufuka. Walinipigia makofi. Meneja akataka kujua nani aliyeichomeka. Hapo ningeweza kusema sijui, jamani, ningeweza hata kunyamaza. Nikasema asubuhi, kabla ya chai, nilimwachia binti kabati apange kebo, labda ni yeye, ndiyo mambo ya wageni wa kazi. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, akasikia yote.

Meneja alisema vyeti anaviheshimu lakini kampuni si darasa. Akamwambia barua yake itakuwa tayari saa nane. Mimi akanishika bega, akasema lile suala la mkuu wa kitengo ataliangalia upya.

Nilimkuta ngazini anashuka na mkoba wake. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno ya mjomba, kwamba asikate tamaa, uzoefu haununuliwi, aanze mahali padogo. Hakuningoja nimalize.

"Niliiona mapema, mjomba," alisema. "Nilipokuja kukuomba ufunguo mara ya kwanza nilikuwa nimeshaiona. Ncha zote mbili zinaonekana kupitia kioo cha mlango."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema.

"Ningesema, wangeuliza ufunguo anao nani. Nikaona nisimame pale, ukiniona utaelewa kwamba nimejua, utakuja uitoe mwenyewe bila mtu kuaibika." Akaupandisha mkoba begani. "Mama ana presha, asijue. Mwambie nilishindwa tu."

Akashuka. Mimi nilibaki pale, watu wananipita wakinipongeza. Ningeweza kumkimbilia meneja. Chumba chake kilikuwa juu, hatua ishirini, na mlango ulikuwa wazi. Nilirudi mezani kwangu nikanywa chai.

Jioni dada akapiga simu, analia. Hakuja na lawama hata kidogo. Aliniomba radhi kwa aibu ambayo mwanawe amenitia kazini, baada ya mimi kuhangaika kumtafutia nafasi. Akasema sijui huyu mtoto amekosa nini, alisoma kwa bidii, lakini ndiyo hivyo, mikono hana. Akaniomba nimsamehe.

Nikamwambia nimemsamehe.