Sentensi ya Maneno Sita

Zipu ilifunguka jino kwa jino. Ikanyamaza. Ikaendelea tena, polepole, kama mtu anayepita mlangoni pa mgonjwa. Alfajiri ilikuwa bado na giza lake na umeme ulikatika tangu jana, lakini Tumwagile, aliyelala upande wa ukutani na mguu wa mwanawe Rebeka ukiwa juu ya tumbo lake, aliijua sauti ile kabla hajafumbua macho. Ule ulikuwa mkoba wake wa darasani.

"Unatafuta nini, baba Rebeka?"

"Kiberiti."

"Ndani ya daftari zangu?"

Kulipokucha mumewe Optatus, dereva wa bodaboda, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, karatasi mkononi, na macho mekundu. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja wa herufi zisizosomeka kwa lugha yoyote ya duniani.

"Mwanaume gani huyu mnayeandikiana mafumbo?"

Tumwagile alitaka kucheka, akaona uso wa mumewe, akaacha. "Hilo ni zoezi la shule."

"Basi nisomee."

"Hilo ndilo nililokatazwa."

Kusema kweli, hakuna jibu baya zaidi ambalo angeweza kulitoa, ingawa lilikuwa la kweli. Mchana Tumwagile alikuwa mpokea wageni kwenye nyumba ya wageni pale Mikumi, na jioni tatu kwa wiki alisoma kwenye kituo ambako chuo kikuu kilikodi madarasa ya shule ya msingi. Walikaa watu wazima kumi na tisa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, wakijifunza utangulizi wa usalama wa data na kriptografia, yaani ufundi wa kuficha ujumbe usisomwe na asiyehusika.

Mwalimu wao, Madam Editha, alikuwa amegawa bahasha. Kila mmoja alipewa sentensi yake ya maneno sita, aifiche kwa neno la siri alilolichagua mwenyewe, aandike matokeo kwenye karatasi na kutembea nayo siku thelathini. Nyumbani, kazini, sokoni, karatasi iwe naye.

"Atakayeniletea sentensi ya mwenzake anachukua alama zake zote ishirini," alisema. "Na msinilaumu. Kompyuta haijawahi kumsaliti mtu. Anayesaliti ana mdomo."

Walicheka. Tumwagile alicheka kidogo kuliko wengine. Jaribio la kwanza lilimpita Rebeka alipolazwa kwa malaria, na kwenye kazi nyingine alikuwa na alama tisa tu. Asiyefikisha kumi na sita haruhusiwi kufanya mtihani. Anarudia mwaka mzima. Bila zile ishirini, alikuwa hana chake.

Siku ya ishirini na moja ndipo zipu ilipofunguliwa. Siku ya ishirini na mbili wakwe walishuka kwenye basi kutoka Kilosa: Bi Magreti, mama yake Optatus, na Melkizedek, baba yake mdogo, kofia mkononi na uso wa msibani.

"Shikamooni."

"Marahaba, mkamwana. Kaa."

Akakaa mkekani. Melkizedek aliiweka karatasi mezani kwa vidole viwili, kama anayeshika panya kwa mkia. "Mwanangu, mimi sikusoma sana. Lakini siri gani ya mke isiyojulikana na mumewe?"

"Ni masomo, baba. Zimebaki siku nane tu, halafu nitawasomea wote."

"Siku nane anaweza kuzaliwa mtoto akapewa na jina," alisema Melkizedek. "Leo. Ama tuisome, ama shule iishe hapa hapa."

Tumwagile alimtazama mumewe. Optatus alitazama dirisha.

Bi Magreti peke yake ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Muacheni mtoto amalize zoezi lake." Melkizedek akakohoa, na neno la mama likapita kama halikusemwa.

Angeweza kudanganya. Alilifikiria hilo, akatunga hadi sentensi ya uongo kichwani. Lakini Optatus alidai wafungue pamoja, herufi kwa herufi, na kalamu aishike yeye. Basi Tumwagile akampa neno la siri, akamchorea jedwali, akamwonyesha: unaanzia hapa, unarudi nyuma hatua hizi. Optatus alikosea mara mbili, akafuta, akauma kalamu. Kufika neno la tatu alikuwa ameelewa, na uso wake ukafunguka. Walikuwa wameinama kichwa kwa kichwa, na kwa dakika chache Tumwagile alisahau kwamba anahukumiwa. Alimpenda vile, akihesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea.

Optatus akasoma kwa sauti: "Twiga amekataa kuvuka barabara bila mwavuli."

Melkizedek akaangua kicheko hadi kofia ikaanguka. "Ndiye mwanaume mwenyewe huyo? Twiga!"

"Mrefu kunishinda," alisema Optatus, akicheka mpaka machozi yakamtoka. "Mke wangu, nisamehe. Na umeona nilivyoifungua? Mimi mwenyewe!"

"Nimeona," alisema Tumwagile. "Sasa naomba kitu kimoja. Isitoke humu ndani. Siku nane tu. Ikitoka, nimekwisha."

Wote watatu waliapa. Rebeka, aliyekuwa mlangoni na kipande cha muhogo mdomoni, hakuna aliyemwapisha. Melkizedek alirudi Kilosa jioni ile ile, Bi Magreti akabaki kumsaidia mkamwana kazi za nyumbani, na kila jioni ya masomo alimsukuma mlangoni: "Nenda, utachelewa. Ugali nitausonga mimi."

Siku ya thelathini, Madam Editha alisimama mbele ya ubao na kuuliza kama kuna aliyekamata sentensi ya mwenzake. Mkono ulionyooka ulikuwa wa Wenceslaus, fundi wa simu mwenye kibanda kando ya kijiwe cha bodaboda, aliyekaa dawati la nyuma ya Tumwagile na kumwazima kalamu mara nyingi tu.

"Twiga amekataa kuvuka barabara bila mwavuli."

Darasa zima likacheka. Ilikuwa sentensi ya kuchekesha. Tumwagile alisikia masikio yakimwaka.

"Ya nani?" aliuliza Madam.

"Yangu," alisema Tumwagile.

"Umeipata wapi, Wenceslaus?"

"Chanzo changu nakilinda, madam. Si ndilo somo lenyewe?" Wakacheka tena. Wenceslaus mwenyewe hakucheka. Aliinama mbele, akanong'ona, "Dada, nisamehe. Na mimi nilikuwa na alama tano tu, na karatasi yangu ilipotea."

Darasa lilipotoka Tumwagile alibaki. Alieleza yote: karatasi, kikao, mkeka. Madam Editha alimsikiliza huku akifuta ubao, na alipogeuka macho yake yalikuwa na huruma, lakini kalamu ilikuwa imeshaandika.

"Ulibanwa, najua. Wengi hubanwa hivyo hivyo. Mwakani uje, Tumwagile. Nitakuwekea kiti."

Mwakani. Alitembea hadi nyumbani akilitafuna neno lile. Mwaka mzima wa kuomba ruhusa kazini, wa kumwacha mtoto jioni, wa kusubiri nyumba nzima ikubali upya. Yote kwa mwavuli wa twiga!

Alimkuta Bi Magreti akichambua mchele ukumbini. Optatus alikuwa amepiga magoti uani kando ya pikipiki, anakaza mnyororo. Rebeka alimshikia bomba la kujazia upepo.

"Mama, ulimwambia nani?"

Bi Magreti aliinua uso. "Nini, mwanangu?"

"Sentensi yangu. Baba mdogo yuko Kilosa. Wewe ndiye unayeshinda kisimani na majirani. Wamenifuta, mama. Mtihani sifanyi!"

Hakuwa amewahi kumpandishia mama mkwe sauti. Alijisikia akiipandisha, na hakuweza kuishusha.

Mikono ya yule mama ilisimama juu ya ungo. "Mimi kusoma sijui," alisema taratibu. "Lakini kufunga mdomo nilifundishwa kabla hujazaliwa." Akauweka ungo chini, akaingia chumbani. Walisikia kanga zikikunjwa. Alitoka na begi lake.

"Mama, kesho basi," alisema Optatus bila kuinua kichwa.

"Nitalala kwa Domina pale jirani. Asubuhi nakwenda Kilosa. Nyumba niliyoitwa mbeya siwezi kulala." Akamgeukia Tumwagile, na sauti yake haikuwa na hasira, jambo lililouma zaidi. "Pole kwa mtihani wako. Nilitamani ufanye."

Tumwagile alisimama kizingitini. Alimtazama mumewe, akingoja aseme neno moja la kumzuia mamaye. Optatus alikuwa akikaza nati iliyokwisha kukazwa. Akakaza tena. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho, na jua lilikwishazama.

Rebeka aliliweka bomba chini, akamwangalia bibi yake akifika getini.

"Mama, baba ndiye aliyewaambia wale wa pikipiki kijiweni habari za twiga."