Gunia la Familia Kubwa

Mashua ilifika Kizingitini maji yakiwa yametoka, kwa hiyo magunia yalibebwa mabegani kupitia kwenye tope. La Bi Hadia lilikuwa la mwisho. Hamali alilitua barazani, akajifuta shingo kwa ncha ya kikoi, akasema limelowa kidogo upande wa chini lakini si kitu, chumvi ya bahari haiharibu wali.

Lilikuwa gunia la mchele la ukubwa ambao duka la Bwana Hamdu, pale mtaani, halikuwahi kuuza. Hamdu aliuza kwa kilo, kwa nusu na kwa robo, na mafuta aliyamimina kwenye chupa ya mteja. Kule Mokowe, bara, palikuwa pamefunguliwa ghala lililouza kwa jumla tu, na hakuna aliyetoka mle na kitu cha kubeba kwa mkono mmoja. Tangu ghala lifunguliwe, wanawake wa mtaa walikuwa wakibishana kama safari ile inalipa. Waliosema inalipa walitaja bei. Waliosema hailipi walitaja nauli ya mashua, hamali wa Mokowe, hamali wa Kizingitini na fukusi.

Bi Hadia alikuwa mtu wa Amu, yaani Lamu mjini, aliyeolewa Kizingitini akiwa msichana, na mpaka leo mchele aliuita mtele. Aliishi na mkaza mwanawe, Huwaida, wawili tu. Swafwan, mwana wa Bi Hadia na mume wa Huwaida, aliondoka nyumbani mwaka juzi kwenda bara kuuza kambakoche. Asubuhi alionekana gatini Mokowe. Adhuhuri hakuonekana tena, na kamba wake walibaki ndani ya gunia bichi wakikwaruza mpaka jioni. Baadhi ya watu walisema waliona gari. Wengine hawakusema kitu. Hakuna ofisi iliyokubali kuwa inaye, na hakuna iliyokana.

Kwa hiyo Huwaida hakujua kama yeye ni mke au ni mjane. Kama alikuwa mjane, alipaswa kukaa eda. Kama alikuwa mke, alipaswa kungoja. Alikuwa akingoja, kwa sababu kungoja hakukuhitaji karatasi ya mtu.

Haukupita muda, fukusi wakaonekana kwenye mchele. Huwaida aliuanika juani, akaupepeta, akaurudisha ndani, na fukusi wakarudi nao.

"Mtele huu tukiupika kwa kikombe, wadudu watamaliza kabla yetu," alisema Bi Hadia. "Teremsha sinia."

Sinia lilikuwa limetundikwa ukutani tangu Swafwan apotee. Tangu hapo wanawake wale wawili walikuwa wakila kwenye sahani, mlango wakiufunga kwa komeo. Haikuwa siri. Katika mtaa ule, mwenye kula mlango ukiwa wazi hana budi kumwambia apitaye "karibu", na anayeambiwa "karibu" mara mbili hana budi kukaa. Kilichokuwa kwenye sahani hakikutosha kwa neno lile. Sasa kilitosha. Bi Hadia alifungua mlango, akakaa mkekani, akaelekea kichochoro kilichokuwa kitupu kwa jua la mchana, akasema, "Karibuni." Hakuna aliyejibu. Akasema tena, kama ilivyo desturi.

Mume wake, Abdulwahid, aliingia wa kwanza. Alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa sukari mwaka mmoja kabla Swafwan hajapotea. Alivua ndara mlangoni, akanawa mikono, akakaa mahali pake pa siku zote. Nyuma yake aliingia Fahima, jirani aliyefariki akijifungua, halafu marehemu wengine wawili watatu wa mtaa uleule. Walisema bismillahi, wakala.

"Wali hauna chumvi," alisema Abdulwahid.

"Na hamali asema umelowa bahari," alisema Bi Hadia.

"Hamali muongo."

Baada ya chakula aliomba chai, akatia sukari kijiko baada ya kijiko. Bi Hadia alimtazama.

"Itanifanya nini sasa?" alisema Abdulwahid, akakoroga.

Tangu siku hiyo walikuja kila baada ya sala ya adhuhuri. Majirani waliwaona na kuwasalimia, na mabishano ya ghala yakapata hoja mpya. Waliokuwa wakisema hailipi waliongeza wageni kwenye hesabu. Bwana Hamdu alipomwona Bi Hadia anapita, alimwita kutoka nyuma ya mizani yake.

"Bi Hadia, mimi nilikuuzia robo, ukala kwa raha na mkweo. Hao wa jumla wamekupa na walaji!"

"Na wewe ukifa ukaribie," alijibu Bi Hadia. "Wali upo."

Huwaida alikuwa akihudumia wageni huku akitazama mlango. Alijua kwamba wote walioingia walikuwa wamekufa. Kila walipokwisha kuingia na Swafwan hayumo, alipumua. Kisha kila walipoondoka alikuwa na uzito moyoni, kwa kuwa hata akiwa mfu angalau angemwona. Baada ya siku kadhaa aliona kwamba wageni hawakuketi kwa kulizunguka sinia lote. Walibanana, magoti juu ya magoti, na upande mmoja waliacha nafasi ya mtu mmoja. Wali wa upande huo hawakuugusa.

"Baba," alimwuliza Abdulwahid, "Swafwan yuko kwenu?"

"Sijamwona, mwanangu."

"Basi yu hai."

"Sikusema hivyo." Abdulwahid alitoa mwiba wa samaki kinywani, akauweka ukingoni mwa sinia. "Sisi tulisaliwa tukazikwa, kwa hiyo twaonana. Kuna wengine hawako kwetu na hawako kwenu. Hao hatuwaoni. Twaona mahali pao tu, nasi hatukai juu ya mtu."

Huwaida aliosha vyombo. Siku ya pili alivaa buibui, akapanda mashua, akaenda kituo cha polisi bara kumwambia Hesbon, afisa aliyepokea habari za Swafwan mwaka juzi, kwamba nafasi ya mume wake imepatikana. Hesbon alikuwa mtu wa bara, mpole wa sauti. Alisema nafasi ni jambo la kuchunguzwa, na kwamba wiki hiyo alikuwa na safari ya kwenda Kizingitini kwa mambo mengine.

Alifika wakati wa chakula. Akaambiwa karibu, na alipoambiwa tena akavua viatu. Alitaka kukaa penye nafasi.

"Hapo pana mtu," alisema Fahima.

Hesbon aliomba radhi, akasogea karibu na Abdulwahid. Alikula kidogo, kisha akauliza kama kati ya waliopo kuna aliyeona lolote siku ile.

"Mimi nilikuwa nimeshafariki," alisema Abdulwahid.

"Mimi pia," alisema Fahima.

"Mimi nilikuwa hai," alisema Husni.

Husni alikuwa hamali wa gati ya Mokowe, mzaliwa wa mtaa ule, aliyekufa kwa homa mvua zilizopita. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mpaka siku hiyo alikuwa amekula bila kusema.

"Mimi ndiye niliyembebea gunia la kamba," alisema. "Walishuka wanaume kwenye gari jeupe lisilo na namba. Mmoja alimwita kwa jina, naye akaitika, kwani aliitwa vizuri. Wakamtia ndani. Kiatu kimoja kilibaki. Aliniona, akasema, mwambie Huwaida asiningoje kula. Mlango ukafungwa, gari likashika ndia ya msituni."

Huwaida alikuwa ameshika jagi la maji. Aliliweka chini.

"Hukuniambia," alisema.

"Niliogopa, dada yangu."

Hesbon alikuwa ameacha kutafuna. "Hii ni habari nzuri sana," alisema. "Ni aina ya habari tunayohitaji. Shida ni kwamba shahidi aliyefariki siwezi kumpeleka mbele ya hakimu. Ungeileta ukiwa hai, bwana."

"Niliileta. Wewe ndiye uliyekuwa kaunta. Uliniambia nirudi Jumatatu."

"Na ulirudi?"

"Nilirudi. Ukaniuliza kama na mimi nataka kupotea."

Waliokuwa kwenye sinia waliendelea kula. Hesbon alifikiri kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka funguo.

"Inawezekana," alisema. "Siku hizo tulikuwa na kazi nyingi."

Alinawa mikono, akashukuru kwa chakula. Mlangoni, akifunga kamba za viatu, aliusifu wali na kuuliza umenunuliwa wapi. Bi Hadia alimwambia. Hesbon alisema mke wake pia amekuwa akilifikiria lile ghala, ila wao nyumbani ni watu wanne tu, na hajui kama inalipa. Bi Hadia alimjibu kwamba inategemea. Afisa akaenda zake, na suala la Swafwan likabaki pale lilipokuwa.

Gunia lilipokwisha, Bi Hadia alikaa barazani akapiga hesabu kwa vidole, kwa sauti ya kusikika mpaka dukani kwa Hamdu. Nauli, hamali huku, hamali kule, mchele uliopotea kwa fukusi, mafuta ya kupikia yaliyoongezeka kwa kuwa sufuria iliongezeka.

"Hailipi," alisema. "Hamdu alisema kweli, Mungu amsamehe. Kwa watu wawili, hailipi."

"Hailipi," alikubali Huwaida.

Alfajiri iliyofuata Huwaida alikwenda gatini na wanawake wengine. Alirudi maji yakiwa yamejaa, hivyo gunia halikulowa. Lilikuwa lilelile la familia kubwa, chapa ileile.

Mchana huo alipika yeye. Alipakua wali, akaweka samaki juu, akagawa mchuzi sawasawa pande zote. Wageni waliingia, wakanawa, wakabanana. Abdulwahid alisema mchele wa safari hii una chenga nyingi. Fahima alisema afadhali chenga kuliko wadudu. Bi Hadia aliwaambia waendelee kula, waache kelele.

Huwaida kwa kawaida alikula baada ya wengine. Siku hiyo hakungoja. Alikaa palipokuwa pamebaki, kando ya ile nafasi, akakunja miguu upande ili asiigonge. Alikula kuanzia ukingo wake mpaka alipofika mpakani, akaacha hapo. Upande wa pili wali ulibaki kama ulivyopakuliwa, ukitoa mvuke, kisha ukaacha kutoa.